Barua kwa yaya, ndugu yangu mkubwa: lupango ni wenu, sufuria ni ya nani?

Yaya mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natwanga sombe, yaani majani ya mihogo, na mara ya pili ilikuwa usiku, baada ya kufunga mgahawa, kwa sababu swali lako halikuwa la kujibiwa mikono ikiwa na kazi. Uliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye jiko la biashara katika ukoo wetu, kama ni haki mtu aliyenunua zamu yake ya likizo katika hoteli ya bustani ya burudani huko Marekani, naye analipa ada yake kila mwaka bila kukosa, aketi mezani katika hoteli hiyohiyo na kutozwa bei anayotozwa mgeni aliyefika jana na atakayeondoka kesho. Nimeamua kukujibu kwa barua ya wazi, kwa maana wapo watoto wengine wa Lubumbashi huko ng'ambo wanaoitwa kwenye mikutano ya mauzo ya namna hiyo, na huenda wakapenda kusoma haya kabla ya kutia sahihi. Jina lako sitalitaja, wala la kampuni ambayo zamu yako imo katika hoteli yake.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kusikia biashara hii, nieleze kidogo. Mnunuzi hanunui nyumba nzima, bali fungu la haki ya kukaa katika jengo la likizo kwa siku kadhaa kila mwaka, kwa muda uliowekwa katika mkataba. Nitachukua mfano wa Disney, kwa sababu masharti yake yanajulikana na watu wengi. Bustani yao ya burudani ya Walt Disney World ilifungua milango yake karibu na Orlando, Florida, mnamo Oktoba 1971, na miaka 20 baadaye, mwaka 1991, kampuni ikaanza kuuza zamu za likizo katika hoteli ambayo leo inaitwa Old Key West. Mwenye zamu hupewa pointi kila mwaka, naye huzitumia kulipia malazi. Usiku wa wiki ya Krismasi humeza pointi nyingi kuliko usiku wa majira ambayo watoto wako shuleni. Mikataba ya mwanzo ya hoteli hiyo inakwisha tarehe 31 Januari 2042, na siku hiyo aliyekuwa akijiita mwenye nyumba atakuwa mgeni kama wageni wengine. Juu ya bei ya kununua kuna ada ya kila mwaka, ambayo hulipia usafi, ukarabati, bima, kodi ya mali na akiba ya matengenezo makubwa.

Hapo ndipo hoja yako ya kwanza inapoteleza, yaya. Ulisema: "Ada yangu ndiyo inayoiweka hoteli hai, kwa hiyo mkahawa wake nao unaishi kwa jasho langu." Ada yako inatengeneza paa, bwawa la kuogelea na godoro unalolalia. Haimlipi mpishi, hainunui nyama, wala haibebi hasara ya mboga zilizooza kwa sababu mvua iliwazuia wageni kutoka vyumbani. Mkahawa ni biashara nyingine iliyo chini ya paa hilohilo.

Jambo hili sikulijifunza kutoka Florida. Unajua kwamba mgahawa wangu uko katika lupango wa warithi, yaani kiwanja walichoachiwa na marehemu wao, pale mtaa wa Kamalondo, nami ni mpangaji tu. Mwaka wa kwanza warithi walianza kuja mmojammoja saa sita mchana, na kila mmoja alikuwa na sentensi ileile mdomoni: "Sisi ndio wenye lupango." Niliona haya kuwatoza sawa na watu wa barabarani, nikawapunguzia theluthi ya bei. Baada ya wiki chache walikuja na wake zao, kisha na mashemeji, kisha na rafiki wa shemeji ambaye hakujua hata jina la marehemu aliyeuacha lupango huo. Mwisho wa mwezi nilipohesabu mifuko ya unga, nilikuta nimepika bukari, huo ugali wetu, nyingi zaidi na nimebaki na faranga chache zaidi. Nilifanya kile ambacho kila mwenye jiko hukifanya akibanwa: nilipandisha bei ya sahani ya bukari na samaki wa thomson kwa watu wote. Hivyo basi vijana wa pikipiki, ambao hawana lupango wowote mahali popote, ndio waliolipia punguzo la warithi. Jambo hilo liliniuma, ingawa nilikaa nalo miezi mitatu kabla ya kulisema.

Aliyelimaliza alikuwa bibi mmoja, mkubwa wa warithi wale, ambaye alikuwa halipi pungufu hata siku moja. Nilipomweleza shida yangu, aliwaita wenzake akawaambia: "Lupango ni wetu, lakini sufuria ni yake." Kisha tuliandika upya mkataba wa kodi: wao walikubali kupunguza kodi ya mwezi kwa kiasi tulichopatana, nami nikakubali kuwauzia warithi wenyewe, waliotajwa kwa majina, kwa bei ya chini. Tangu siku hiyo hakuna anayeona haya. Punguzo lile lina mwenye kulilipia, na anajulikana.

Sasa tulirudishe jambo hilo kwenye meza yako. Tulipokuwa watoto, Baba alipokea posho ya unga kutoka kampuni ya mgodi kila mwezi, na posho ile ilikuwa sehemu ya mshahara. Ilipochelewa, wazee walikwenda kuidai bila kuinamisha kichwa. Lakini kulikuwa pia na zile zawadi za mwisho wa mwaka, sukari na biskuti za watoto, ambazo Mama alikuwa ameshazitia katika hesabu zake. Mwaka mmoja hazikuja. Hakuna aliyekwenda kudai, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kudaia. Zile zilikuwa matabishi, yaani kile anachokuongezea mtu kwa kupenda kwake, kama konzi ya mwisho ambayo mama wa sokoni anaitupia juu ya kipimo cha maharage. Punguzo la chakula kwa wenye zamu, katika kampuni karibu zote, ni matabishi ya namna hiyo: limewekwa nje ya mkataba wa mali, na kampuni imejiachia nafasi ya kulibadilisha au kuliondoa. Lawama yangu kwa wauzaji si kwamba wanatoa matabishi. Ni kwamba siku ya mauzo wanayapima pamoja na unga.

Disney wenyewe wameonyesha jambo hilo waziwazi. Tangu Aprili 2016, mtu anayenunua zamu kutoka kwa mwenye zamu mwingine, badala ya kununua kwa kampuni, hupata pointi na chumba kama kawaida, lakini hapati zile nyongeza za uanachama, na punguzo la mikahawa ni mojawapo. Kampuni yako ina sharti la jamii hiyo, na ndiyo sababu wewe uliyenunua kwa yule mzee aliyestaafu unalipa bei kamili, huku jirani yako wa mlango wa pili akikatiwa asilimia 10. Hapa hasira yako naielewa zaidi, kwa kuwa katika jengo moja ada ya kila pointi ni ileile, awe mtu amenunua kwa kampuni au kwa mzee. Wawili mnalipa paa moja kwa bei moja, na mmoja tu ndiye anayechekewa mezani.

Lakini tufanye hesabu, yaya, maana hasira bila hesabu ndiyo inayowatajirisha wauzaji. Tuseme ulipata nafuu ya dola 50 kwa kila pointi kwa kununua kwa mzee, na ulinunua pointi 150: umebaki na dola 7,500 mfukoni. Tuseme pia familia yako hutumia dola 1,000 kila mwaka katika mikahawa ya hoteli, jambo ambalo kwa jinsi ninavyomjua shemeji halitawezekana. Punguzo la asilimia 10 lingekurudishia dola 100 kwa mwaka. Ungehitaji kula kwa miaka 75 ili punguzo lifikie kile ulichokwisha kuokoa siku ya kununua, na mkataba ule wa Old Key West niliokutajia unakwisha mwaka 2042. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba anayenunua kwa kampuni hupata mambo mengine pia, kama nafuu katika tiketi za mwaka za kuingia bustanini. Lakini wewe uliniuliza habari ya sahani, nami najibu habari ya sahani. Jirani yako hakupewa punguzo. Alilinunua, tena kwa bei kubwa, na hakuonyeshwa risiti yake.

Je, wenye zamu wapewe punguzo la chakula au wasipewe? Mimi nasema wapewe, lakini mahali pamoja tu: katika mkahawa ulio ndani ya jengo ambalo wao wanalitunza kwa ada yao, na wapewe wote sawa, bila kuuliza walinunua kwa nani. Old Key West, kwa mfano, ina mkahawa wake uitwao Olivia's Cafe. Mkahawa wa jengo kama hilo haupo katikati ya bustani, ambako umati unapita mbele ya mlango tangu asubuhi. Unategemea watu wanaolala pale, na wanaolala pale mwaka baada ya mwaka ni wenye zamu. Tena watu hao wana njia nyingine ya kushiba. Vyumba vidogo vya zamu vina friji ndogo na tanuri la maikrowevu, na vile vikubwa vina jiko kamili. Mgeni wa hoteli ya kawaida akisikia njaa hana la kufanya ila kushuka chini na pochi yake, ilhali wewe unaweza kuwasha moto na kusonga bukari yako. Mimi ningekuwa mwenye mkahawa ule, ningekupunguzia bei kwa sababu hiyo peke yake, wala nisingeona kwamba nimekufanyia hisani: mteja mwenye sufuria chumbani ni lazima abembelezwe.

Katika mikahawa mingine yote, ile ya ndani ya bustani na ya hoteli ambazo huna fungu lolote, sioni hoja. Huko wewe ni mgeni. Mama aliyeweka akiba miaka mitano ili awapeleke watoto wake mara moja tu katika maisha yao asilipie soda yako.

Na kama kampuni inataka kwenda mbali zaidi, basi iuze punguzo lenyewe, peupe, kama tulivyofanya mimi na warithi. Disney waliwahi kuwa na kadi iliyoitwa Tables in Wonderland: wenye zamu, wenye tiketi za mwaka na wakazi wa Florida waliweza kuinunua, nayo iliwapa asilimia 20 ya nafuu katika chakula na vinywaji kwenye mikahawa mingi. Aliyejua kwamba atakula sana aliinunua, na aliyependa kupika aliiacha. Ilisimama wakati wa korona mwaka 2020 na haikurudishwa tena, nami nadhani iliondoka kwa sababu ilikuwa rahisi mno kuhesabika.

Jambo moja dogo kabla sijasahau. Hata ukipata hiyo asilimia 10, usiione kubwa: kodi ya mauzo kule Orlando ni asilimia 6.5, na bakshishi ya mhudumu, ambayo kwa desturi ya huko ni karibu asilimia 18 au 20, hupigwa juu ya bei ya kabla ya punguzo. Usimpunguzie mhudumu kwa sababu wewe umepunguziwa. Yeye hakuhudhuria mkutano wa mauzo.

Kwa wale ambao hawajanunua bado, nawaomba waulize swali moja tu mbele ya muuzaji: hilo punguzo la chakula liko katika ukurasa gani wa mkataba? Akifungua kabati badala ya mkataba, akatoa karatasi yenye picha za keki, jibu limepatikana. Na sheria ya Florida inampa mnunuzi aliyenunua kwa kampuni siku 10 za kuvunja mkataba, kwa hiyo hata aliyetia sahihi jana ana muda wa kwenda kuusoma nyumbani, pole pole, mbali na muziki wao.

Wewe, yaya, usiuze zamu yako kwa hasira ya asilimia 10. Watoto wanaipenda, na ulinunua kwa bei nzuri kuliko unavyojua. Nitampa yule mwana wa jirani anayesafiri mwezi ujao unga wa mihogo, maana umesema chumba chako kina jiko. Nawe ukija Lubumbashi mwezi wa nane, nyumbani kwangu utakula usiku na mchana bila kuulizwa kitu. Lakini ukipita Kamalondo saa sita, utalipa bei iliyoandikwa ubaoni, kwa sababu jina lako halimo katika karatasi ya warithi.

Ni mimi, mdogo wako,
Lubumbashi