Barua ya kufunga mwaka wa shule: bahasha ya fomu za uandikishaji

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Wiki hii tunafunga shule, na kila mwanafunzi anarudi nyumbani na ripoti pamoja na bahasha ya fomu za mwaka ujao. Ripoti mtaisoma wenyewe. Barua hii ni ya bahasha.

Shule yetu ni ya chata, yaani shule ya umma inayojiendesha kwa mkataba maalumu. Haina ada wala mtihani wa kuingilia. Maombi yakizidi nafasi, tunachagua kwa bahati nasibu. Jimbo la Michigan linatulipa kwa kila mwanafunzi aliyehesabiwa, na picha yake ya watoto tunaowafundisha hapa Grand Rapids inatokana na mnachoandika ninyi.

Ukurasa wa lugha ndio unaokosewa zaidi. Unauliza lugha ya kwanza ya mtoto na lugha inayozungumzwa nyumbani. Wengi huandika "Kiingereza" wakidhani wanamfungulia mtoto mlango, kumbe wanaufunga. Lugha nyingine ikitajwa, tunampima Kiingereza ndani ya siku 30 za mwanzo wa mwaka. Asipopimwa, hapati mwalimu wa kumsaidia lugha. Atakaa darasa la 9 akinakili biolojia ubaoni bila kuielewa, na aonekane mvivu. Andikeni lugha yenyewe: Kiswahili, Kibembe, Kinyarwanda. Tafadhali msiandike "Kikongo" kwa maana ya "tumetoka Kongo". Kikongo ni lugha ya watu wa kule magharibi mwa Kongo.

Ukurasa wa asili ulitafsiriwa zamani kwa neno "kabila", na baadhi yenu mkauacha wazi. Kwa mtu aliyetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako watu wameuawa kwa sababu ya kabila, swali hilo si dogo. Kabila haliulizwi. Kinachoulizwa ni kama mtoto ana asili ya Kilatino, kisha kama ni Mweusi, Mzungu, Mwasia na kadhalika, na mnaweza kuweka alama zaidi ya moja. Mkiacha wazi, karani analazimika kumtazama mtoto usoni na kujaza kwa kukisia, jambo ambalo hata yeye halipendi. Hali ya uhamiaji haimo kwenye fomu. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1982, mtoto hanyimwi shule kwa kukosa karatasi.

Fomu ya kipato hutupwa kwa sababu chakula cha shule ni bure. Msiitupe: ndiyo inayotuletea fedha za ziada kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Wenye kadi ya msaada wa chakula au Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) huonekana moja kwa moja kwenye kumbukumbu za jimbo, ila jina na tarehe ya kuzaliwa vioane. Wengi wenu mna tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari mliyoandikiwa kwenye kambi ya wakimbizi, kwa hiyo jina ndilo linalowatofautisha. Liandikeni herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi, kwa mpangilio uleule.

Siku ya kuhesabu wanafunzi ni Jumatano ya kwanza ya Oktoba. Mwanafunzi ahudhurie kila kipindi. Miadi ya daktari wa meno ipangwe siku nyingine. Akikosa kwa ruhusa, anahesabiwa akirudi ndani ya siku 30 za kalenda. Bila ruhusa, ni siku 10 za shule tu.

Rudisheni bahasha ofisini kabla ya likizo kuisha. Mliohama, ongezeni bili ya umeme au maji yenye anwani mpya. Wanafunzi wapya waje na kadi ya chanjo. Mkikwama kwenye swali lolote, liacheni na mwombe mkalimani wa Kiswahili, msikisie.

Mkuu wa Shule