Mkutano wa mwaka sasa ni Chake Chake

Asalaam alaykum wanakikundi wa taarab, samahanini kwa meseji ndefu. Mkutano wetu wa mwaka hatufanyi tena mjini Unguja, tunahamia Chake Chake kule Pemba inshaallah. Ule ukumbi tuliouzoea wamepandisha bei na hawataki tupige baada ya saa nne usiku, sasa taarab gani hiyo ya kukatwa watu ndo kwanza wamechangamka! Na wenzetu wa Pemba kila mwaka wao ndo wanaovuka bahari na watoto wadogo, mwaka huu na sie tuwafate jamani, ni haki yao.

Boti inashusha bandari ya Mkoani, hapo mpaka Chake kama kilomita 30 hivi, tutakodi gari twende pamoja. Wapigaji nawaomba sana, kanuni, ile ala yetu ya nyuzi, ina nyuzi zaidi ya 70 na ule unyevu wa baharini unaiharibu sauti, ifungeni blanketi zuri na isirundikwe na mizigo, mtu aipakate mpaka tufike. Kinamama waitikiaji sare ni ile ile. Mwenye shida ya nauli anitafute pembeni, asikae kimya akabaki nyumbani. Majina nayataka kabla ya Ijumaa tukate tiketi.