Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: shimo halijafukiwa

Assalaamu alaykum Mheshimiwa,

Barua mbili nilizopitisha kwa sheha hazikujibiwa, ndiyo maana hii naiandika hadharani. Juzi mjukuu wangu wa miaka 7 katolewa ndani ya shimo la mchanga. Alifuata mpira. Vijana wawili waliokuwa wakisubiri gari wapakie ndio waliojitosa, wakamdaka kanzu. Yu hai, alhamdulillahi, lakini usiku hushituka akalia.

Shimo lenyewe unalijua. Ulisimama ukingoni mwake, viatu vikajaa mchanga, ukatwambia masika hayataingia kabla halijafukiwa na kupandwa miti. Masika yameingia, yametoka. Sasa lina maji ya kijani, mbu wake tunao ndani kila Magharibi, na ukingo unaila njia ya skuli.

Konde yenye shimo hilo imo katika eka tatu alizopewa baba yangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Ardhi ni ya Serikali, sibishi. Lakini minazi 14 tuliipanda sisi. Kijiko cha kuchimbia mchanga kiliing'oa kwa siku nne. Umebaki mmoja ukingoni, mizizi inaning'inia hewani. Bado unazaa na hapana anayethubutu kuukwea.

Mheshimiwa, Unguja ni ndogo. Mashariki ni uwanda, jiwe tupu. Udongo wa kulima uko huku kwetu, na mchanga unachimbwa huku huku. Watu wanajenga, hoteli zinajengwa, mchanga lazima utoke. Hata nyumba yangu ni ya matofali ya mchanga huo. Lakini udongo wa juu ukishazolewa, hata muhogo haushiki. Kisima cha jirani nacho kimekauka, na mimi nadhani ni shimo hilo hilo, kwani mchanga ndio uliokuwa ukiyahifadhi maji ya mvua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015, ipo. Kibali cha kuchimba mchanga kina masharti, ulitwambia mwenyewe. Basi nani anayakagua?

Fidia ya minazi siidai leo. Naomba shimo lifukiwe. Kama fusi hakuna, litiwe uzio. Kama na uzio hauna fungu, miti na waya nitatafuta mimi, wewe zuia tu wasichimbe tena upande wa njia.

Jumatatu skuli zinafunguliwa.

Mkulima wako