Mchoro usirukwe kwenye nukta nundu

Mhariri,

Nafundisha hisabati wanafunzi wasioona, wanaosoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu (Braille). Juzi mmoja alikuwa akipapasa karatasi ya jaribio, akafika palipoandikwa "tumia umbo lililo hapo juu". Akarudisha vidole juu, hakukuta kitu. Aliyeinakili karatasi kwa nukta nundu aliiruka pembetatu. Mtoto akauliza, "Mwalimu, umbo liko wapi?" Nilikosa la kumjibu.

Alama zipo. Katika mfumo wa pamoja wa nukta nundu za Kiingereza, umbo hutanguliwa na alama ya nukta 1, 2, 4 na 6, kati ya nafasi sita za nukta zenye namba. Ukifuatisha alama ya namba na 3, hiyo ni pembetatu yenye pande sawa, na ukiweka 4 ni mraba. Lakini hapo umelitaja jina tu. Swali likihusu pembe, mtoto anataka mistari ya kupapasa. Mimi hutumia kile kigurudumu chenye meno cha fundi cherehani, karatasi ngumu nimeilaza juu ya mpira, na nachora kinyume, kwa kuwa nundu huchomoza upande wa pili.

Naomba watunga mitihani: kabla karatasi haijatoka, aipitie kwanza msomaji asiyeona, kwa vidole vyake.

Mwalimu wa hisabati,
Dodoma