Kwa nini rubani wa P.92 hana kitufe cha kufyatulia

Tangu tutoe pakiti ya P.92, ndege ya kivita ya zamani ya Uingereza, kwa ajili ya michezo ya mezani ya dadu, swali linaloongoza dukani ni moja: "Jamani, mmesahau bunduki za rubani?" Juzi kijana mmoja alirudi na karatasi yake ya ndege, ile yenye mchoro na namba za kuchezea, kajichorea mwenyewe bunduki mbili mbawani kwa kalamu nyekundu. Kachora vizuri, lakini hapana. Rubani hana silaha, na ndivyo ndege yenyewe ilivyokusudiwa kuwa.

P.92 ilibuniwa na kampuni ya Boulton Paul ya Wolverhampton, Uingereza, kujibu agizo la Wizara ya Anga la mwaka 1937 lililopewa namba F.11/37. Ilitakiwa ndege nzito ya kivita yenye injini mbili, na mizinga minne ya milimita 20 iwekwe yote ndani ya tareti, yaani kuba linalozunguka mgongoni mwa ndege. Rubani aendeshe, mwenzake apige. Hesabu yao ilikuwa kwamba ndege za mabomu za Ujerumani zitakuja bila walinzi, kwa kuwa ndege ndogo za kivita zisingefika mbali hivyo. Unajisogeza ubavuni mwa adui, unakwenda naye sambamba, na mpigaji anammiminia moto.

Mei 1940 Ufaransa ilivamiwa, viwanda vya Uingereza vikaamriwa kutanguliza aina tano tu za ndege zilizokuwa tayari, na P.92 ikafutwa mwezi huohuo. Kilichowahi kuruka, mwaka 1941, ni P.92/2, ndege ya majaribio iliyojengwa kwa nusu ya kipimo.

Sasa kosa letu. Katika toleo la kwanza tulimwachia mpigaji azungushe tareti popote, kila raundi, bila gharama yoyote. Mizinga minne! Wachezaji walimaliza kikosi kizima cha adui kabla chai haijapoa, na mwendesha mchezo akabaki kuokota dadu.

Dawa tuliipata kwa ndege iliyoitangulia P.92. Defiant, ya kampuni hiyohiyo, ilikuwa na tareti ya bunduki nne na haikuwa na silaha yoyote ya mbele. Tarehe 19 Julai 1940, Defiant tisa za Kikosi cha 141 zilikutana na ndege za kivita za Ujerumani, Messerschmitt Bf 109, juu ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Sita ziliangushwa. Adui alipitia nyuma na chini, mahali ambapo tareti haifiki.

Kwa hiyo kwenye karatasi mpya, eneo la nyuma na chini limepakwa weusi: adui akiingia humo, mpigaji hana la kufanya, ni rubani peke yake wa kumtoa. Na rubani akikata kona kali, mpigaji anapoteza pointi mbili za shabaha.

Risasi nazo tumezibana. Mizinga ya milimita 20 ya wakati ule, aina ya Hispano, ililishwa kwa kasha la risasi 60, na ukishikilia kitufe zinaisha kwa sekunde kama sita. Kanuni nyingi za mezani huhesabu raundi moja kuwa sekunde 6! (Tulipoliona hilo tulicheka wenyewe dukani.) Basi ukifyatua mfululizo, raundi moja na kasha ni tupu; ukipiga kwa kudonoa, unapata mara tatu. Kubadilisha makasha kunakula raundi mbili. Hatujaonea mtu hapo: kwenye Beaufighter za mwanzo, ndege za kivita za Uingereza zilizobeba mizinga ya aina hiyo, mtu wa pili ndiye aliyekuwa akibadilisha makasha kwa mikono huku ndege inayumba.

Tumeijaribu na wateja Jumamosi mbili. Watu waliokuwa wakisubiri zamu kimya sasa wanapigiana kelele: "Inamisha kushoto!" "Ngoja kwanza, nabadilisha kasha!"

Wenye toleo la kwanza, leteni karatasi zenu tuwabadilishie bure, hata zilizochorwa kalamu nyekundu. Kama meza yenu ina kanuni zake, tuambieni mnatumia dadu za pande 6 au 20 na tutawapangia namba zinazolingana, kazi ya siku mbili. Na ukifungua boksi ukakuta ndege mbili, moja nusu ya mwenzake, usitupigie simu. Ile ndogo ni P.92/2, na hatujakosea kipimo.