Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tunavyoajiriwa na Tunavyofutwa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha makocha wa soka,

Asanteni kwa kufika. Najua kuna waliotoka Siaya na Muhoroni kabla ya jua kuchomoza, na kuna wanaotakiwa uwanjani saa tisa alasiri, kwa hivyo nitasema lililo moyoni bila kuzunguka. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina baada yangu. Nimezipitia mstari kwa mstari na nimeridhika nazo, isipokuwa kwa upande wa ada. Wengi wetu tulichelewa kulipa, na kwa miezi miwili katibu aliendesha shughuli za chama kwa pesa zake. Amerudishiwa, lakini jambo hilo lisitokee tena.

Mwenzetu mmoja ameniruhusu nisimulie yaliyompata, mradi nisimtaje yeye wala timu yake. Jumapili moja alipeleka vijana ugenini wakafungwa mabao mawili kwa nunge. Walirejea Kisumu saa tatu usiku kwa matatu ya kukodi. Akiwa njiani kwenda kwake Nyalenda, filimbi ingali shingoni, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe katika kundi la WhatsApp la timu: tunamshukuru kocha kwa huduma yake, kesho mazoezi yataongozwa na fulani. Wachezaji waliusoma pamoja naye, dakika ileile.

Nilimtembelea Jumatatu asubuhi. Nje ya nyumba, vizibao vya mazoezi vilikuwa vimeanikwa kwenye kamba, vya chungwa na vya kijani. Mkewe ndiye aliyekuwa akivifua kila wiki, kwa sabuni ya nyumbani. Viongozi walikuwa wameshapiga simu mara mbili wakitaka vifaa virudishwe kabla ya mazoezi ya jioni. Kwa hivyo tukakaa pale kivulini tukingoja vizibao vikauke. Akavikunja kimoja kimoja. Akahesabu koni. Akahesabu mipira: saba, mmoja umepasuka. Akaorodhesha kila kitu kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la mtoto, akaniomba nitie sahihi kama shahidi. Alikuwa anaidai timu hiyo mishahara ya miezi mitano. Karatasi ile ya vizibao na koni ndiyo maandishi ya kwanza na ya mwisho kati yake na waajiri wake.

Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba kocha fulani amekabidhiwa mikoba, na kwamba mwingine amepigwa kalamu. Katika ligi zetu za chini mkoba upo kweli, na unarudishwa kweli. Kalamu ndiyo haipo. Tunaajiriwa kwa kushikana mikono nyuma ya jukwaa na tunafutwa kwa simu.

Wengi husema kwamba kocha wa kigeni hulipwa kwa sababu ni mgeni. Naomba tulitazame jambo hilo vizuri. Adel Amrouche, kocha mgeni, alifutwa na Harambee Stars, timu yetu ya taifa, mwaka 2014, mkataba wake ukiwa haujaisha. Akabeba mkataba huo akaenda nao FIFA, na baada ya miaka ya mvutano Shirikisho la Soka la Kenya likajikuta linadaiwa zaidi ya shilingi milioni 100. Mtu akiniuliza Amrouche alituzidi nini, nitamjibu kwamba alituzidi karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho la kocha nalo ni mali.

Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya kamati yenu mwaka huu imekuwa kuandika mkataba wa mfano. Una kurasa mbili. Tuliuandika kwa Kiswahili chepesi ili mwenyekiti wa timu ya mtaa asiwe na kisingizio cha kusema hauelewi. Umetaja muda, mshahara, tarehe ya kulipwa, nani anagharamia nauli na vifaa, na namna ya kuachana. Kifungu kimoja tumekiazima kutoka kanuni za FIFA kuhusu makocha, zilizoanza kutumika Januari 2021: klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili, kocha huiandikia, huipa siku 15, na ikinyamaza anaweza kuvunja mkataba kwa haki. Kanuni zile kwa kawaida zinashughulikia migogoro inayovuka mipaka ya nchi, lakini hakuna linalotuzuia kukubaliana hivyo hivyo sisi kwa sisi.

Na hata asiye na mkataba asikate tamaa. Hili nilikuwa silijui hadi mwaka huu, na nimelisoma mara nyingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Mkifika mbele ya hakimu na mwajiri akashindwa kuutoa, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wako. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Kabla ya kufutwa kwa kosa au kwa kazi mbovu, anastahili kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake kando, na kusikilizwa. Mahakama ikiona umeonewa inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi ipo hapa hapa Kisumu, huhitaji kupanda basi kwenda Nairobi. Lakini muda wa kushtaki ni miaka mitatu. Wako kati yetu waliokaa wakisema "watanikumbuka tu" mpaka miaka hiyo ikayoyoma.

Hivyo basi, weka kila kitu. Ujumbe wa M-Pesa uliolipwa nao usiufute. Orodha ya wachezaji uliyoitia sahihi kabla ya mechi ipige picha. Huo ni ushahidi kwamba ulikuwa kazini.

Sasa nije kwa lile lililoninyima usingizi nilipokuwa naandika taarifa hii. Yule aliyetajwa katika ujumbe wa Jumapili usiku, aliyeongoza mazoezi kesho yake kwa vizibao nilivyoviona vikikunjwa, ni mwanachama wetu. Alikuwa ameshaonana na viongozi wa timu wiki mbili kabla. Alijua mwenzake hajalipwa. Nimezungumza naye faraghani, na leo sitamwaibisha, kwa kuwa si yeye peke yake. Mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, niliwahi kukalia benchi ambalo mwenyewe alikuwa hajaondoka. Sikumpigia simu. Tulikutana baadaye stendi ya mabasi, akanisalimia kwa heshima, akanitakia heri kwa msimu, kisha akapanda gari lake. Salamu ile bado ninayo kifuani.

Mwenye timu anaweza kumfuta kocha kwa ujumbe wa simu kwa sababu anajua kuna mwingine amesimama langoni. Tukilalamikia viongozi bila kulitazama lango hilo, tunajidanganya. Mwenzako akinyolewa, chako tia maji, na sisi tumekuwa tukimshika mwenzetu kichwa anyolewe vizuri.

Na mara ngapi kubadilisha kocha kumeiponya timu? Timu humfuta kocha ikiwa imefika chini kabisa, baada ya kupoteza mechi nne au tano mfululizo. Kutoka hapo, hata ikiachwa ilivyo, itashinda moja au mbili. Kaimu huja, ushindi huo ukamkuta, akashangiliwa, na baada ya mwezi mambo yakarudi palepale. Timu isiyo na nauli haitibiwi kwa kocha mpya. Tumeishuhudia SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa nchi mwaka 2006, ikitolewa kwenye ligi mwaka 2019 kwa kushindwa kufika mechi tatu. Hapo ungemleta kocha yeyote wa dunia angefanya nini?

Tazameni klabu ya Gor Mahia, na wenzetu mashabiki wa mahasimu wao Ingwe, yaani AFC Leopards, mtanivumilia. Kati ya 2019 na 2022 benchi lake lilipita mikononi mwa Steven Polack, Roberto Oliveira, Carlos Vaz Pinto, Mark Harrison na Andreas Spier. Oliveira aliajiriwa, kisha ikabainika kwamba leseni yake haikumruhusu kukaa benchi katika mechi za CAF, Shirikisho la Soka la Afrika. Akaja Johnathan McKinstry mwaka 2022, akaachiwa misimu miwili, akatwaa ubingwa wa ligi misimu yote miwili. Sisemi muda pekee unatosha. Frank Nuttall alishinda ligi ya 2015 bila kupoteza hata mechi moja, na mwaka uliofuata hakuwepo tena. Sébastien Migné aliirudisha Harambee Stars katika Kombe la Afrika nchini Misri mwaka 2019 baada ya miaka 15, na Agosti mwaka huohuo wakaachana. Kazi yetu ndivyo ilivyo, hata aliyeshinda huondoka. Ninachodai ni kwamba aondoke akiwa amelipwa, na awe ameambiwa ana kwa ana.

Kuhusu leseni, nawasihi wale waliobaki na cheti cha ukocha cha D wajitahidi kupanda kwenda C, na wa C wasibweteke. Kisa cha Oliveira kinaonyesha kwamba cheti kinaweza kukufungia mlango hata uwe na jina kubwa. Kamati itaendelea kuomba kozi ziletwe huku kwetu, maana nauli na malazi ya Nairobi huwashinda wengi kuliko hata ada ya kozi yenyewe.

Makocha wanawake ndani ya chama bado ni wachache mno, na hilo linaniuma. Mildred Cheche aliwapeleka Junior Starlets kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote. Hakuna tena wa kutuambia mwanamke hawezi kuongoza benchi. Anayemfahamu dada anayefundisha shuleni au mtaani amlete.

Namalizia kwa azimio mtakalopigia kura leo. Kamati inapendekeza kwamba mwanachama akiitwa na timu yenye kocha, au iliyoachana na kocha karibuni, ampigie simu kocha huyo kabla ya kukubali. Akiambiwa kuna deni, aitake timu iandike namna itakavyolilipa, na nakala ije kwa katibu. Atakayeingia kwa mlango wa nyuma hatashika uongozi wa chama kwa miaka miwili.

Vijana wameniambia kwenye kamati kwamba njaa haina subira, na kwamba kazi ukiikataa ataichukua asiye mwanachama. Ni kweli, nami sina jibu la kuwashibisha. Lakini simu ni ya dakika tano, na haimkatazi mtu kufanya kazi. Inamtaka tu amjue anayempokea mkoba.

Yule mwenzetu wa Nyalenda amekubali tumsindikize. Wakili amepokea ile karatasi ya vizibao pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa miezi aliyolipwa, na barua ya madai imeshapelekwa kwa timu. Mkataba wa mfano uko mezani kwa katibu, nakala mbili kwa kila mtu: moja yako, ya pili ya mwajiri wako. Karatasi za kura ziko papo hapo. Tupige kura kabla ya chai, ili wanaokwenda uwanjani wasikose kushiriki.

Mwenyekiti