Barua ya kufunga muhula: wazazi wote naomba msome mpaka mwisho

Wazazi na walezi wapendwa, salamu.

Naanza na la furaha maana nimetembea nalo moyoni wiki nzima. Darasa la saba wametuma kazi zote za kusomea nyumbani, kila mtoto, na mnakumbuka muhula uliopita hata nusu hawakufika. Kuna binti mmoja kwao simu ni moja, kioo kimepasuka, mama anaondoka nayo alfajiri anarudi nayo usiku, basi mtoto anaandika kwenye daftari mchana halafu usiku anapiga picha ukurasa mmoja mmoja, kwenye picha unaona kabisa kivuli cha mkono wake, na hajakosa hata kazi moja. Niliwaonyesha walimu wote zile picha. Walimu nao hongera, waliachana na video zinazomaliza bando wakawa wanatuma sauti za dakika tatu na picha ya ubao, inafunguka hata mtandao ukisuasua.

Ada: wenye deni mnajijua, njooni ofisini tupangane.

Sasa lililoniuma. Kuna mzazi alirusha linki ya darasa na nywila yake kwenye grupu la nje, katikati ya hesabu wakaingia watu wazima tusiowajua wakatukana mbele ya watoto. Nimeuliza nani, kimya mpaka leo. Jamani ile linki ni mlango wa darasa! Muhula ujao mtoto anaingia kwa jina lake kamili, mwalimu ndiye anamfungulia, jina geni linabaki nje.

Na utoro. Mwaka 2020 UNICEF na ITU, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya mawasiliano, walisema theluthi mbili ya watoto wa miaka 3 mpaka 17 duniani hawana intaneti nyumbani, kwa hiyo asiye nacho simlaumu, aje aseme tumpe karatasi. Nawasema nyie wenye simu mbili tatu ndani halafu binti anaambiwa asubiri kaka amalize, akipewa chaji imebaki kidogo na somo limeisha. Rejista ninayo, waliokosa zaidi ni wasichana wenye kaka hapa hapa shuleni. Hilo sitalinyamazia, nitawaita mmoja mmoja. Halafu msidhani mtoto anayepekua video usiku kucha anajua kompyuta, wengi kuambatanisha faili tu hawawezi, na mkiwafanyia nyie hawatajua kamwe.

Simu za shule mlizoazima zirudi Ijumaa, na chaja zake.

Mwalimu Mkuu